Ijue Harrier Yako Kabla Fundi Hajaijua

Gari limeshatoka bandarini, namba zimefungwa, watoto wameshagombania siti ya dirishani. Sasa ndiyo kazi inaanza. Harrier ya kati ya 2013 na 2020, hii ambayo wauzaji wa Dar es Salaam wanaiita Anaconda, imejaa vitufe, kamera na kengele, na karibu zote ziliwekwa kwa ajili ya dereva wa Japani. Wengi wetu tunatumia vichache tu. Vilivyobaki vinakufa kimoja kimoja: leo waya umekatwa, kesho imefungwa betri isiyofaa, keshokutwa kamera haionyeshi kitu. Usikubali. Hivyo vifaa ndivyo vilivyoipandisha bei, na kuvitunza hakudai pesa nyingi. Kunadai uvijue wewe kwanza.

Anza na namba ya chasisi. Herufi zake zinakuambia una gari gani. ZSU60 ni petroli ya 2.0 inayovutwa na matairi ya mbele. ZSU65 ni injini hiyohiyo, lakini nguvu inafika matairi yote manne. AVU65 ni haibridi. ASU60 na ASU65 ni turbo, zilizoanza 2017. Piga picha ya hiyo namba, ihifadhi kwenye simu. Ukitaka spea Kariakoo, mtumie muuzaji namba ya chasisi kwanza, kisha nenda na kifaa cha zamani mkononi. Kumwambia "nataka ya Harrier" hakutoshi; kuna injini tatu kwenye kizazi hiki peke yake, na kuna vizazi viwili vilivyotangulia.

Wiki ya kwanza

Hesabu funguo. Magari mengi ya mtumba yanafika na ufunguo mmoja. Tengeneza wa pili sasa hivi, ukiwa bado unao wa kwanza. Ukiupoteza huo mmoja, kuprogramu mwingine kunakuwa kazi ndefu na ghali zaidi, na gari linabaki palepale lilipo.

Rimoti ina kijibetri cha duara ndani. Kikiisha, usiite fundi. Chomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, fungua mlango wa dereva, kaa, kanyaga breki. Gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio, halafu bonyeza kitufe. Linawaka. Mfundishe na mwenzako, maana siku hiyo inaweza kumkuta yeye akiwa na watoto getini mwa shule.

Maandishi ya Kijapani yasikutishe. Fungua Google Translate kwenye simu, elekeza kamera kwenye skrini, soma. Pitia menyu zote siku moja ukiwa umepaki nyumbani. Na onyo lolote usilolielewa likitokea, lipige picha kabla hujazima gari. Onyo likipotea, fundi anabaki kubahatisha.

Ile sauti ya dada wa Kijapani inayokusalimu kila ukiwasha gari haitangazi ubovu. Ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za kulipia kule Japani, kinalalamika kwamba hakijawekewa kadi. Kitafute chini ya usukani au kwenye droo ya mbele ya abiria. Kina tundu jembamba la kadi. Chomoa soketi yake, basi. Asikate mtu waya.

Redio nyingi za Japani zinaishia karibu na 90 FM. Ndiyo maana EFM ya 93.7 huipati hata uzunguke namna gani. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kuongeza bendi kinachofungwa kati ya antena na redio. Au tumia Bluetooth ya simu na uachane nayo.

Kadi ya SD iliyo kwenye skrini usiitoe. Ramani ya Japani haikusaidii kitu, hilo ni kweli, lakini skrini nyingi za Toyota zinaitegemea kadi hiyo ili ziwake. Ikitoka na kupotea, skrini inajifunga, na pengine kamera ya nyuma inaondoka nayo. Usiitumie kuwekea miziki. Mwonye na fundi kabla hajachomoa betri.

Ukiamua kubadilisha skrini uweke ya Android, uliza swali moja kabla ya bei: unafunga kwa soketi au unakata nyaya? Akisema anakata, aga uondoke. Zipo soketi za kati zinazounganisha skrini mpya na nyaya za kiwandani bila kukata chochote. Mweleze pia kwamba unataka vitufe vya usukani na kamera vifanye kazi kabla hujalipa, na uvijaribu mwenyewe palepale.

Mwisho wa wiki, fungua sakafu ya buti. Magari ya Japani mengine yana tairi jembamba la dharura, mengine yana kopo la dawa na pampu tu. Kopo lina tarehe ya mwisho, isome. Tairi la dharura lipime upepo, na ukilifunga usizidishe kilomita 80 kwa saa. Kisha angalia nati za magurudumu. Kama kila gurudumu lina nati moja yenye umbo tofauti na zenzake, hiyo ni nati ya kufuli, na kuna kichwa chake maalumu. Kitafute leo. Kukosa kichwa hicho usiku pale Kimara ni balaa, kwa sababu tairi halitoki hata uwe na jeki nzuri namna gani.

Vitufe vya foleni

Kitufe kilichoandikwa HOLD kiko karibu na gia. Kibonyeze, na kila ukisimama gari linashika breki lenyewe mpaka ukanyage mafuta. Jioni ya Tazara au Mwenge mguu wako unapumzika kabisa. Funga mkanda kwanza, la sivyo hakikubali. Ukizima gari, safari ijayo unakibonyeza upya.

Injini ikizimika yenyewe kwenye taa nyekundu, usiogope. Ni mfumo wa kuokoa mafuta kwenye Harrier ya 2.0 isiyo na turbo. Tatizo ni joto letu: injini ikizima, AC inaanza kupuliza hewa ya vuguvugu, na mtoto aliyelala nyuma anaamka. Mimi nauzima kila ninapoingia mjini. Tafuta kitufe chenye herufi A iliyozungushiwa mshale. Nacho kinasahau, kwa hiyo kibonyeze kila unapowasha gari.

Hapo kwenye mfumo huo ndipo linapotoka jambo ambalo wenye Harrier wengi hawaambiwi: betri. Gari hili linataka betri iliyotengenezwa kuhimili kuwasha injini mara nyingi kwa siku. Jina lake huanza na herufi, kwa mfano Q-85. Soma ya zamani kabla hujaitoa. Muuzaji atakuambia yoyote ya ukubwa huo inafaa. Itawasha gari, ndiyo, lakini itachoka mapema. Na betri ikichoka, vifaa ndivyo vinavyoanza vituko. Buti haifunguki, skrini inajizima, taa za tahadhari zinawaka tano kwa mpigo. Kuna watu wamebadilishiwa sensa moja baada ya nyingine wakati mgonjwa alikuwa betri.

Kwa hiyo shika hili. Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, pima betri kwanza. Gari likiwa limelala saa kadhaa, betri nzima inasoma kati ya volti 12.4 na 12.7. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji kisha ipime tena. Ikishuka tena, badilisha.

Nunua na kifaa kidogo cha OBD2 kinachoongea na simu kwa Bluetooth. Kinachomekwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Taa ya injini ikiwaka, soma msimbo wa hitilafu mwenyewe, uandike, ndiyo uende gereji. Fundi mzuri atafurahi umemrahisishia. Yule wa kukuuzia spea usizohitaji ataona hapa hapaingiliki.

Buti ya umeme ina siri ndogo. Isimamishe kwenye kimo unachotaka, kisha shikilia kitufe chake kwa sekunde mbili hivi mpaka ilie. Kuanzia hapo inafunguka mpaka kimo hicho tu. Fanya hivyo kama paa la banda lako la gari liko chini, au kama mama watoto hafiki kuivuta.

Kama siti ya dereva ina vitufe vya kumbukumbu, wewe chukua namba 1, mwenzako namba 2. Ugomvi wa nani amesogeza siti unakwisha.

AC iache kwenye AUTO, nyuzi 24. Gari likiwa limekaa juani, shusha vioo vyote dakika moja ukiwa unaenda, joto litoke, kisha pandisha. Filta ya AC iko nyuma ya droo ya abiria, unaitoa kwa mikono bila spana. Itazame kila unapomwaga oili. Kwa vumbi la barabara zetu za mitaani utashangaa ilivyokuwa nyeusi, na hiyo ndiyo hewa wanayovuta watoto.

Siti ya nyuma

Chini kabisa kati ya mgongo na kalio la siti za nyuma za pembeni kuna vyuma vya ISOFIX. Pitisha vidole utavigusa. Kiti cha mtoto chenye ndoano hizo kinashika pale bila kuhangaika na mkanda, na kikishika hakitikisiki. Usimbebe mtoto mapajani siti ya mbele, hata kwa safari ya dukani. Na kiti cha kichanga kinachotazama nyuma usikiweke mbele kamwe, kwa sababu mfuko wa hewa ukipasuka unampiga yeye.

Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma kuna kiswichi kidogo cha kufuli ya watoto. Kiweke. Kisha funga vioo vya nyuma kwa kitufe kilicho mlangoni kwako. Kazi ya dakika moja.

Macho ya gari

Harrier kuanzia 2017 inakuja na kamera nyuma ya kioo cha mbele na rada nyuma ya nembo ya mbele. Za kabla ya hapo, baadhi tu zinavyo. Ndivyo vinavyokuonya ukitoka kwenye mstari, ndivyo vinavyokusaidia kufunga breki gari la mbele likisimama ghafla. Usivipofushe. Stika ya Nenda kwa Usalama na nyingine zozote zibandike pembeni, mbali na kamera. Ngao ya chuma mbele ya bampa haifai kwenye gari hili. Inaziba rada, na ajali ikitokea inaharibu namna bampa ilivyopangwa kunyonya kishindo.

Kioo cha mbele kikivunjika, mwulize anayekibadilisha kama anaweza kuipima upya kamera baada ya kufunga. Kioo cha bei nafuu kilichofungwa bila kazi hiyo kinaweza kukuachia gari linaloonya pasipo na kitu, au lisiloonya kabisa. Kwenye bima, hakikisha kioo kimetajwa kwa thamani yake halisi.

Bodaboda zitalifanya gari lipige kelele, hasa likiwa katikati ya foleni na moja imekatiza mbele ya bampa. Usiuzime mfumo wote kwa hasira. Ingia kwenye menyu, punguza umbali wa onyo. Ule wa mistari unaweza kuuzima barabara zisizo na mistari, ukauwasha ukitoka mjini.

Oili, gia na matairi

Injini ya 2.0 ya kawaida imetengenezwa kwa oili nyepesi, 0W-20, na 5W-30 inakubalika. Inaingia lita 4 na kidogo pamoja na filta. Kuna mafundi watakaokusisitizia oili nzito kwa sababu ya joto letu. Kataa kwa upole. Kwa foleni na vumbi, mwaga kila kilomita 5,000, usisubiri zaidi.

Gia ya injini hiyo ni CVT, na hapa usifanye mchezo. Inataka oili ya CVT, ile ya Toyota inaitwa CVT Fluid FE. Oili ya gia otomatiki ya kawaida inaiua, tena haiui siku hiyo. Inakupa muda wa kusahau nani aliiweka. Nunua oili mwenyewe, simama pale inapomiminwa. Kuibadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni busara kwa matumizi yetu. Usivute gari lingine. Ukigeuza, subiri gari lisimame kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Turbo yenyewe ina gia ya kawaida ya spidi 6 na oili yake ni nyingine, usichanganye.

Maji ya rejeta ni kulanti ya pinki. Maji ya visima vya Dar yana chumvi, na chumvi inakula rejeta kutoka ndani. Beba chupa ya kulanti iliyokwishachanganywa kwenye buti.

Matairi ni 225/65R17 au 235/55R18, kutegemea rimu zako. Upepo umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa kPa. Ukikuta 230, hiyo ni kama psi 33. Mwambie fundi pancha namba hiyo kabla hajaanza, maana mkono wake umezoea 40. Tairi likiwa gumu namna hiyo, gari linaruka, bushi na shokapu zinaumia, na breki kwenye lami yenye maji zinateleza. Ukinunua tairi jipya, soma tarakimu nne zilizo ubavuni mwishoni mwa herufi za DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mitano si jipya.

Kama yako ni haibridi, chini ya siti ya nyuma kuna matundu ya hewa ya kupozea betri kubwa. Blanketi, mifuko na mabegi ya shule yasiyazibe. Kila unapomwaga oili, pitisha mashine ya kufyonza vumbi hapo.

Kwenye kuosha gari, kataa injini kupigwa maji ya presha. Soketi zikilowa, vituko vya umeme vinaanza wiki ijayo. Ila chini ya gari waoshe vizuri, hasa kama unakaa Kigamboni au mmetoka ufukweni. Kutu ya pwani inaanzia huko usikokuona.

Desemba mkienda nyumbani

Tuseme mnakwenda Moshi. Pima matairi asubuhi yakiwa baridi, na kama mmejaza watu na mizigo, ongeza upepo kama kitabu au kibandiko kinavyoruhusu. Mizigo mizito weka chini, ikigusa mgongo wa siti. Usirundike mpaka juu ya vichwa vya watoto. Ukifunga breki, ndoo ya asali inaruka.

Kruzi kontroli ya rada ni tamu kati ya Chalinze na Segera barabara ikiwa nyeupe. Iweke umbali mrefu zaidi. Lakini kumbuka haisomi tochi ya trafiki. Ukifika penye makazi, shuka hadi 50 wewe mwenyewe kabla ya kibao. Mvua kubwa ikianza, izime.

Taa kubwa za kujibadilisha zinasaidia usiku, ila zinachelewa kuona baiskeli na watembea kwa miguu. Kwenye vijiji rudi kwa mkono wako.

Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu mbili viwe mahali unapofikia bila kushusha mabegi. Trafiki atauliza, na siku ya shida utavitaka haraka.

Maji yakiwa yamekatiza barabara, tazama gari lililotangulia. Yakifika katikati ya rimu zake, geuza. Harrier ni ndefu kwenda juu kuliko saluni, lakini haikutengenezwa kuvuka mito, hata kama yako inavutwa na matairi yote manne.

Usiku na makaratasi

Vioo vya pembeni vya Harrier vina wateja. Chora namba ya gari kwenye vioo, taa za mbele na za nyuma wiki ileile uliyolitoa bandarini. Ni kazi ya muda mfupi na bei ndogo, na mwizi hapendi kitu chenye jina la mtu.

Chukua bima kubwa kama mfuko unaruhusu, na kila mwaka ukihuisha, angalia thamani iliyoandikwa inalingana na bei ya sokoni ya siku hiyo. Thamani ikiandikwa ndogo ili ulipe kidogo, fidia nayo inakuja ndogo.

Tafuta bahasha moja ngumu. Weka humo karatasi ya mnada wa Japani kama ulipewa, risiti za oili zenye kilomita, risiti ya betri, kadi ya bima ya zamani, na ufunguo wa akiba. Kichwa cha nati za kufuli kiache kwenye gari. Siku ukitaka kuuza, toa bahasha hiyo mezani, washa gari, kisha mwache mnunuzi abonyeze vitufe vyote yeye mwenyewe kabla hamjataja bei.